Mwanza hadi Rusumo mpaka Kivu kwa baiskeli, naombeni ukweli wa ile milima

Capripoint_88

Wakuu habari za humu. Nina baiskeli ya mlima, tairi inchi 26, gia tatu mbele na saba nyuma, nimeshaizoea maana kila Jumapili napiga Mwanza–Magu kwenda na kurudi. Mwezi wa saba nina likizo wiki mbili, nataka nipite daraja la Kigongo–Busisi, Sengerema, Geita, Biharamulo mpaka Rusumo nikaone maporomoko, alafu niingie Rwanda hadi Kigali na mwili ukikubali nishukie ziwa Kivu.

Kinachonisumbua ni milima. Nikiangalia ramani naona kule njia yote iko karibu na mto, Kagera alafu Nyabarongo, nikajiambia si kama unaenda na mto basi uko bondeni, tambarare tu? Au nakosea? Na mzigo nimepima umefika kilo 24 pamoja na hema. Aliyewahi kupita anipe ukweli, sitaki kutiwa moyo tu.

NjiaYaZiwa

Mkuu unakosea, na mimi nilikosea hapohapo. Sisi huku mto ni kitu cha tambarare, ukitaja bonde mtu anawaza majaruba ya mpunga, si ndo tulivyozoea Magu na Simiyu. Kule mto umekata ardhi. Bondeni kumejaa mafunjo na maji, barabara haiwezi kukaa humo, kwa hiyo inatambaa juu kwenye mgongo wa kilima na inashuka pale tu inapolazimika kuvuka. Maana yake kila daraja ukiliona kwenye ramani hesabu mteremko mmoja na mlima mmoja. Mimi nilikuwa naangalia urefu wa milima kutoka usawa wa bahari nikaona mbona kawaida, Mwanza yenyewe tuko mita 1,100 na kitu, Kigali haijafika hata 1,700, tofauti ndogo. Kumbe ile mita 500 unaipanda, unairudisha, unaipanda tena, siku nzima.

Mfano mzuri ukitoka Kigali kwenda Musanze. Unateremka Nyabugogo unavuka mto Nyabugogo, hujakaa vizuri unaanza kupanda mlima wa Shyorongi, na hapo hakuna pa kupumzika miguu mpaka uwe juu kabisa. Ukienda Muhanga nako ni hivyohivyo, ila huko unavuka Nyabarongo yenyewe. Huu mto unaanza kwa kwenda kaskazini, ukikutana na mto Mukungwa unageuka unarudi kusini mashariki, kama umesahau kitu. Baadaye ndo unakuwa Kagera, unapita Rusumo, unazunguka mpaka Kyaka na kumwaga kwenye ziwa letu. Mimi nilisimama pale darajani asubuhi, ukungu umejaa bonde zima juu vilele tu vinaonekana, nikawaza haya maji yanakuja kwetu na yamenitangulia njia. Nilikaa pale karibu nusu saa.

Sasa la breki, hili tafadhali usilipuuze. Kwenye mteremko mrefu wa kwanza nilishika breki mfululizo kama dakika kumi maana mzigo unasukuma na naogopa. Nikasikia harufu ya raba, nikasimama, nikagusa ringi ya nyuma, ikaniunguza kidole mpaka kikatoa lengelenge. Sijamaliza kushangaa nasikia fsss. Kiraka nilichobandika Geita kimeachia, solusheni imelainika kwa joto la ringi. Sasa fikiria kingeachia nikiwa kwenye kona na lori liko nyuma. Kuanzia siku hiyo nashika kwa nguvu, mwendo ukipungua naachia kabisa ringi ipoe, nashika tena, na kama mteremko hauishi nasimama hata kama sijachoka. Na ukiwa na breki za ringi weka tyubu mpya isiyo na kiraka kabla hujavuka mpaka.

FundiMabatini

Mkuu Capripoint gia zako kaa chini uhesabu meno, usiniambie tatu kwa saba maana hiyo hainiambii kitu. Hesabu sprocketi ndogo ya mbele na kubwa kuliko zote ya nyuma. Baiskeli nyingi za mlima zinazoletwa hapa kwangu mbele ndogo ina meno 28 na nyuma kubwa 28, yani pedali ikizunguka mara moja tairi nalo mara moja, kwa tairi lako ni kama mita mbili. Kwa mtu asiye na mzigo inatosha. Ukiwa na kilo 24 kwenye mlima wa saa moja utaua magoti. Tafuta mbele 22 na nyuma 34, hapo kila mzunguko unasogea mita 1.3 hivi, utakwenda taratibu, kilomita 5 kwa saa, lakini unakwenda umekaa na moyo umetulia. Wanaokuambia shuka usukume hawajawahi kusukuma baiskeli yenye mzigo kupanda mlima, mgongo unakufa kuliko miguu.

Friwili, yani yale meno ya nyuma, ukibadilisha badilisha na cheni pamoja, cheni ya zamani kwenye meno mapya inaruka, na inaruka palepale unapokanyagia kwa nguvu. Gia ya nyuma nayo kama ni ya mkono mfupi haitafika meno 34, iangalie kwanza. Spoki za nyuma zipitie zote kwa mkono, zinazolegea ndo zinakatika. Beba sita za akiba na uzifunge kwenye keria.

TogwaBaridi

Kilo 24 nyingi sana. Hema la nini wakati gesti zipo Katoro, Biharamulo, Benaco, na Rwanda kila mji.

LoriRefu

Naendesha njia ya Kigali mwaka wa tisa sasa, nawaona sana waendesha baiskeli. Kuanzia Lusahunga, Nyakahura mpaka Benaco malori ni mengi, yanakwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Ukisikia linakuja nyuma na mbele kuna jingine, toka nje ya lami, usishindane. Lori likikupita upepo wake unakuvuta ndani, ukishazoea utaona lakini mara ya kwanza watu wanayumba. Valia kitu cha rangi kali. Na saa kumi jioni uwe umeshafika unapolala, lile pori la Biharamulo si la kupita giza linaingia, ulizia polisi au bodaboda wa hapo hali ya njia asubuhi kabla hujaondoka.

Ukivuka Rusumo unahamia kulia. Utakumbuka mchana, tatizo ni asubuhi ukitoka gesti una usingizi unarudi kushoto bila kujua. Na mifuko ya plastiki iache, Rwanda walishaipiga marufuku tangu 2008, wengi wa baiskeli mnafungia nguo humo zisilowe, tumia mfuko wa turubai. Kiswahili kitakusaidia mijini, vijijini jifunze salamu zao.

BintiNgara

Naongezea kidogo. Pale Rusumo wengi wanapiga picha maporomoko wanaondoka. Kaka ukifika simama kidogo. Mwisho wa Aprili 1994 watu kama robo milioni walivuka lile daraja ndani ya saa 24 wakikimbia vita Rwanda, wakaja kukaa Benaco, na Benaco hiyohiyo ndo utalala wewe. Nyumbani kwetu mama alikuwa anapika uji sufuria kubwa anapeleka barabarani. Nilikuwa mdogo lakini miguu ya wale watu sijaisahau, imevimba, ina vumbi jekundu mpaka magotini. Kwa hiyo ukiona wazee wa pale wanakuangalia kimya na mzigo wako, wasalimie tu.

Kurudi usirudie njia hiyohiyo. Pita Biharamulo, Muleba, Bukoba, baiskeli unaipakia melini Bukoba usiku unaamkia Mwanza. Muleba kuja Bukoba nako kuna vilima usije ukasema sikukwambia, ila ziwa unaliona upande wa kulia na migomba pande zote.

Capripoint_88

Wakuu asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Nimehesabu meno: 28 mbele, 28 nyuma, kama fundi alivyosema. Jumamosi nakuja Mabatini tubadilishe. Hema nimelitoa, sufuria na jiko navyo nimetoa, nimebaki na kilo 15.

Jana baada ya kumsoma NjiaYaZiwa nimepakia mzigo nikaenda mlima wa Bugando, nikaupanda na kushuka mara nane mfululizo, ili nione kurudiarudia kukoje. Mara tatu za kwanza rahisi kabisa, ya sita nikaanza kuelewa mnachosema. Ringi ilikuwa ya moto kweli na ule mteremko ni mfupi. Je nikishika breki ya mbele na ya nyuma kwa zamu inasaidia?

NjiaYaZiwa

Inasaidia, ila kwenye changarawe ya mbele usiiguse kwenye kona. Na Bugando nenda tena kesho, upande mara kumi na mbili.