Hivi ubongo unaweza kukosea maumivu yanatoka wapi? Naombeni ushauri

Ngazi_ya_Tatu: Wakuu habari zenu, wiki ya tatu sasa hapa juu ya kitovu pananibana, panaachia, panarudi. Nimeambiwa vidonda vya tumbo nimemaliza dozi ya kwanza lakini wapi, na ukiniambia nionyeshe kwa kidole siwezi, naona tu eneo zima. Jamaa anasema ubongo unanidanganya. Inawezekana? Usingizi sipati.

Mzee_Kipara: Stress hiyo. Mimi kila mtihani tumbo lilikuwa linachafuka, siku matokeo yametoka nikapona bila dawa.

BintiMcha: Tatizo mnakesha na simu halafu mnatafuta ugonjwa. Sali, lala mapema.

Stetho: Mkuu kutoweza kuonyesha ni kawaida. Viungo vya ndani vina neva chache, zinaingia uti wa mgongo mlango mmoja na zile za ngozi na misuli, ubongo unabaki kukisia. Ndiyo maana kidole tumbo huanza kuumia kitovuni, na nyongo huuma mpaka bega la kulia. Sasa sema, inakuja ukifanya nini? Inasambaa?

Ngazi_ya_Tatu: Nikipanda ngazi, nikikaa inaisha. Na mkono wa kushoto unakuwa mzito, na taya, sikuandika kwa sababu niliona ni vitu tofauti. Ila nimeshaamua nimalize dozi ya pili kwanza, nina miaka 41 na mazoezi nafanya, moyo hapana. Wife sijamwambia.

Kobe2: Chai hii. Dalili zimepangwa kama za kitabuni, halafu juzi uzi mwingine ulisema una 30.

Ngazi_ya_Tatu: Ule nilimuulizia mdogo wangu. Natamani ingekuwa chai ndugu yangu, baba alianza hivi hivi wakamwambia gesi.

Stetho: Baba! Hilo ndio lingekuwa sentensi ya kwanza. Kobe2 hata kama ni chai kuna mtu anasoma hapa ana hizi hizi. Neva za moyo na za mkono wa kushoto zinakutana uti wa mgongo usawa wa kifua, ubongo unasikia mkono wakati anayelia ni moyo, na moyo huohuo unaweza kujifanya tumbo. Dozi iache, nenda leo ukapime ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, na hata ikitoka safi wasikuachie hapo. Ikikushika umekaa na haiachii, ita ambulensi, usiendeshe mwenyewe.

Ngazi_ya_Tatu: Wife kausoma uzi wote. Tuko njiani, anaendesha yeye.