Daraja la gitaa la kasha: tubandike gundi au liachwe huru?

seremala_mabibo: Wakuu naombeni mnisaidie maana hili limetugawa. Mimi na fundi mwenzangu tunatengeneza magitaa ya kasha na watoto wa mtaani, yale ya nyuzi tatu kama watu wa kusini mwa Marekani walivyokuwa wanatumia makasha ya sigari, sisi tunatumia mbao za paleti. Nyuzi zetu kutoka mfupa wa juu, pale shingo inapoanzia karibu na vigingi vya kukazia nyuzi, mpaka daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya kasha, ni sentimita 64.8. Sasa mwenzangu kabandika madaraja yote kwa gundi kabla hata ya kufunga nyuzi, uzi mtupu uko safi ila ukibonyeza freti ya 12, vile vyuma vya kwenye shingo, sauti inapanda juu. Daraja libandikwe au lishikwe na nyuzi zenyewe? Na shingo ipite ndani ya kasha au iishie ukingoni?

nyuzi_tatu: Liachwe huru kaka. Gusa uzi kidogo juu ya freti ya 12 bila kubonyeza utoe ile sauti ya kengele, halafu bonyeza palepale upige. Ya kubonyeza ikiwa juu daraja rudisha nyuma, mbali na shingo, ikiwa chini lilete mbele. Uzi mnene unataka kurudi nyuma zaidi ya mwembamba ndo maana daraja linakaa mshazari. Sasa ukishabandika gundi utasogeza nini?

BabaKelvin: Samahani lakini si muwachangie hao watoto wapate gitaa la kweli? Kasha ni mchezo, mtoto akikua itabidi aanze upya.

seremala_mabibo: La kweli ni lipi mzee? Carl Perkins, yule mwanamuziki wa rock and roll wa Marekani, alianzia kasha la sigari na mpini wa fagio, babake ndo alimtengenezea. Kuna mchoro wa Edwin Forbes wa 1876, askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani wako kambini na mmoja anapiga fidla ya kasha la sigari. Hao nao walikuwa wanacheza?

zeze_la_Dodoma: Mnanisikitisha, kila kitu mpaka Mmarekani akithibitishe. Zeze la Wagogo ni nini? Kibuyu, ngozi, mti umepita ndani ukatokea upande wa pili, na kidaraja kimekaa juu ya ngozi hakina gundi hata tone, kinakandamizwa na nyuzi. Mzee Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo, kazunguka dunia na zeze. Maswali yako yote mawili yalishajibiwa hapahapa nyumbani.

jaber_wa_kisumu: Na orutu pia, fidla ya Wajaluo, uzi mmoja tu na mti unapita ndani vilevile. Ngozi ya kenge ndio ina sauti, hizo za mbuzi zinalegea mvua ikinyesha.

zeze_la_Dodoma: Nani kakuambia za mbuzi zinalegea? Unaiweka karibu na moto inakaza.

jaber_wa_kisumu: Nimekua na mzee anapiga orutu, kwa hivyo usinifundishe ngozi bana. Moto ni wa ngoma.

BabaKelvin: Mimi nimeitwa adui wa utamaduni kwa kusema mtoto anunuliwe gitaa??

zeze_la_Dodoma: Hakuna aliyekuita adui. Ulisema mchezo.

mama_warsha: Jamani rudini kwenye shingo, mimi nafundisha watoto na haya yananihusu. Ikiishia ukingoni, nyuzi zinaivuta inainama mbele na kasha linafunguka kwenye maungio, yangu mawili yalikufa hivyo. Ipitishe mpaka nyuma ila upande wa ndani uichonge milimita tatu au nne isiguse kifuniko, ile mbao ya juu ya kasha, ikigusa kifuniko kinakaa kimya kama meza. Na daraja usilipeleke ukingoni kabisa, pale mbao haitikisiki.

nyuzi_tatu: Sawa kabisa dada. Ila seremala hujasema, freti mmegawa kwa 18 au 17.817? Yaani ule urefu uliobaki mpaka daraja mnaugawa kwa ngapi kupata nafasi ya freti inayofuata?

seremala_mabibo: Mwenzangu kagawa kwa 18, alifundishwa hivyo na mzee wake.

nyuzi_tatu: Basi kwa 64.8 freti yako ya 12 haipo katikati, imekaa karibu milimita mbili na nusu upande wa vigingi. Hapo sauti ilitakiwa ishuke, na wewe unasema inapanda, kwahiyo daraja lenu liko mbele sana kuliko mnavyodhani. Pimeni tena, msiamini penseli.

BabaKelvin: Mnaona sasa? Mahesabu yote haya kwa kasha. Gitaa la dukani linakuja limeshapimwa.

mama_warsha: Mtoto wa miaka 11 akipima mwenyewe 32.4 anaelewa oktavu ni nusu ya uzi, nani wa dukani atamfundisha hilo? Baba Kelvin naomba uje Jumamosi uone mtoto anavyokaza macho akisikia sauti mbili zimekuwa moja.

BabaKelvin: Sijakataa kuja dada. Nilichokataa ni kuambiwa sijali watoto.

seremala_mabibo: Nimeng'oa daraja moja kwa patasi, ni kweli lilikuwa 64.1. Nimelirudisha mpaka kengele na ya kubonyeza zikalingana, bila gundi. Yamebaki 13 na mwenzangu amenuna, anasema gundi ndo inapeleka sauti kwenye mbao.

jaber_wa_kisumu: Mwambie orutu haina gundi na inasikika ng'ambo ya mto.

zeze_la_Dodoma: Kwa ngozi ya mbuzi pia inasikika.