Kifuniko cha chupa ya uji kinachosafishika kwa urahisi: kiwe na raba au kisiwe nayo?

Mama Uji, Kirumba

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninauza uji wa lishe na maziwa mgando hapa Kirumba, Mwanza, na wateja wangu wengi ni wachuuzi wa dagaa wa Mwaloni pamoja na watu wa ofisini wanaokunywa wakiwa njiani. Ningependa kuachana na vikombe vya kutupa, niwape chupa ambazo hurudishwa jioni, nizioshe na kuzijaza tena alfajiri. Chupa zenyewe hazinisumbui kwa sababu midomo yake ni mipana na mkono unaingia. Kinachonisumbua ni vifuniko. Vile vya madukani vina kitufe cha kubonyeza, springi, mrija mfupi na raba iliyobanwa ndani ya mfereji, na ukiichokoa raba hiyo kwa ncha ya kisu utakuta chini yake utando wa kijivu unaonuka maziwa yaliyochacha, hata kama kifuniko kimeoshwa asubuhi hiyohiyo. Nimempata fundi aliye tayari kunitengenezea kalibu, yaani umbo la kumiminia plastiki, lakini anataka mchoro. Je, kifuniko kiweje ili kijana anayenisaidia akioshe kwa brashi na sabuni ya maji bila kuchokoa chochote, na kisivuje mteja akikiweka mkobani?

Fundi Kerezo

Shikamoo, mama. Kitufe, springi na mrija viondoe vyote, kwa kuwa mdomo mpana hauvihitaji. Raba nayo unaweza kuiondoa. Tazama kizibo cha plastiki cha chupa ya soda: vingi vyake havina raba ya kutoka, bali vina ukingo mwembamba wa plastiki hiyohiyo unaoingia ndani ya mdomo wa chupa na kuubana. Kifuniko chako kikiwa na ukingo wa namna hiyo kitakuwa kipande kimoja, wala hapatakuwa na mfereji wa kuficha uchafu, mradi nafasi kati ya ukingo na ukuta wa kifuniko iwe pana kiasi cha brashi kupita.

Katika hesi, yaani ile migongo inayokamata chupa unapozungusha, ndipo uji hujificha zaidi. Ziwe chache, nene na za mviringo, zisiwe na ncha kali, kisha zikatwe mahali kadhaa kuanzia juu hadi chini. Mikato hiyo ina kazi mbili: maji ya kuoshea hupita na kutoka badala ya kutuama, na gesi ya maziwa yaliyochacha hupumua mteja anapoanza kufungua, kabla kifuniko hakijaachia kabisa. Usikubali tundu dogo la kupumulia, maana tundu lisilopitisha brashi halioshwi. Pembe za ndani zipewe mviringo wa angalau milimita 3, na plastiki iwe polipropilini, ile yenye namba 5 ndani ya alama ya pembetatu, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi na kwa hiyo haiogopi maji ya moto.

Bibi Afya, Ilemela

Nakubaliana na fundi karibu katika yote, isipokuwa raba. Polipropilini haiyeyuki kwa maji yanayochemka, ambayo huku kwetu, kwa kuwa Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Lakini ukingo mwembamba ukikaa umebanwa huku uji wa moto ukiupasha kila siku, hulegea taratibu na chupa huanza kuvuja. Mimi ningechagua pete ya silikoni, ambayo ni aina ya raba, nene, yenye ulimi wa kushika kwa vidole viwili, iliyokaa wazi juu ya bapa badala ya kuzama kwenye mfereji. Pete hiyo huvutwa, huoshwa peke yake, na ikichakaa hununuliwa nyingine bila kutupa kifuniko.

Halafu, mama, suuzeni kwanza kwa maji ya baridi au vuguvugu. Maji ya moto yakianza, protini ya maziwa huganda kwenye plastiki, na hapo brashi itafanya kazi ya bure.

Mwalimu wa Kemia, Nyegezi

Kabla ya kulipia kalibu, pimeni. Pakeni uji kwenye sampuli, iacheni hadi kesho yake, ioshwe na kijana yuleyule kwa kasi yake ya kawaida, kisha dondosheni ayodini ya dukani iliyozimuliwa kwa maji. Palipobaki wanga pataonekana rangi ya bluu iliyokolea, karibu nyeusi, kwa hiyo sampuli iwe nyeupe. Ayodini huacha madoa, hivyo sampuli hiyo isirudi kwa mteja. Kwa maziwa kipimo hicho hakisemi lolote. Hapo fungieni kifuniko kikavu ndani ya kopo safi usiku kucha, mkinuse asubuhi. Na kama sampuli itachapwa kwa printa ya 3D, itumieni kupima mkao tu, kwa sababu tabaka zake huacha mifereji midogo ambayo haitawapa jibu la kweli la usafi.

Mama Uji, Kirumba

Ahsanteni sana. Uji huondoka kwangu ukiwa bado wa moto, kwa hiyo hoja ya Bibi Afya imeniingia: nitatumia pete yenye ulimi, na hesi ziwe kama alivyoeleza fundi. Je, pete isipotee wakati wa kuosha, niifanyeje?

Fundi Kerezo

Iwe ya rangi nyekundu juu ya kifuniko cheupe, na bila pete kifuniko kivuje waziwazi pale pale chupa inapoinamishwa, ili iliyosahauliwa igundulike mezani kwako. Chupa zako uzipime midomo yote kabla ya mchoro. Zikiwa za viwanda viwili tofauti, hesi za moja huenda zisikubali kifuniko cha nyingine.