Laptopu kwenda tivi na sabufa bila waya, banda la muvi Kayenze. Msaada wakuu

mwana_kayenze
Habari za jioni wakuu, naombeni msaada. Nina banda la kuonyeshea muvi huku Kayenze, si kubwa, mabenchi tu na tivi smati ya inchi 55 ukutani. Wiki za giza wavuvi wa dagaa wote wako ziwani banda linakaa tupu, ila mbalamwezi ikitoka wanapumzika nchi kavu basi panajaa mpaka wengine wanakaa chini, na hapo ndo balaa linaanza maana waya wa HDMI unapita katikati ya miguu ya watu. Mtu anatoka kwenda kujisaidia gizani anajikwaa, picha inakata, banda zima linanizomea mimi. Kichwa cha waya upande wa laptopu kimelegea nimekibana na kipande cha kandambili.

Sasa nataka picha iende hewani na sauti iende hewani. Laptopu ina Windows 10, sabufa ina bluetooth. Nimeunganisha sabufa na laptopu ikakubali, na picha kwenye tivi ikakubali, lakini jamaa kwenye muvi anarusha ngumi sauti yake imeshalia zamani, afu picha inaganda ganda. Na je hii kitu inakula bando?

fundi_nyakato
Mkuu bando halihusiki hapo. Hiyo unayotumia ni Miracast, ilitoka 2012 na Windows inayo tangu 8.1, ndo ile ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na K inakuletea tivi zilizo karibu. Kwenye tivi kila kampuni inaiita jina lake, Hisense wanasema Anyview Cast, LG wanasema Screen Share. Laptopu na tivi vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe kwa waifai, hakuna rauta wala intaneti, hata ukiwa kwenye mtumbwi katikati ya ziwa inapiga kazi.

Sauti inakusumbua kwa sababu umeigawa njia mbili. Picha, laptopu inaikamata, inaibana iwe ndogo, inairusha, tivi nayo inaifungua ndo inaonyesha, hapo muda umeshapotea. Sauti inapita bluetooth ambayo ina uchelewaji wake tofauti, sasa vitafikaje pamoja? Acha sauti iende tivi pamoja na picha, bonyeza alama ya spika chini kulia kwenye laptopu uchague jina la tivi, afu sabufa uiunganishe na TIVI sio laptopu. Kwa kuwa viko ukuta mmoja mi ningeweka waya mfupi tu wa pini ya hedifoni au zile za nyekundu na nyeupe, nani ataukanyaga huko juu. Ukitaka bluetooth basi iwe ya tivi. Kama bado vinapishana kidogo na unatumia VLC, ile programu ya kuchezea muvi, herufi J na K zinasogeza sauti nyuma na mbele milisekunde 50 kila ukibonyeza.

ngosha_sengerema
Fukia waya chini mzee, upitishe kwenye paipu ya umeme, simenti juu, biashara iendelee. Mambo ya hewani ni ya kuringishia wageni sebuleni.

mwana_kayenze
@ngosha simenti kwenye banda la kukodi? Mwenye banda atanipandishia kodi kesho yake.

@fundi sauti imekaa sawa, nimetumia bluetooth ya tivi kwanza waya ntanunua nikienda mjini. Ubarikiwe. Ila kuganda bado kuko pale pale, mchana nikijaribu peke yangu inateleza vizuri tu, usiku ndo vituko. Mi nakaa na laptopu kwenye kichumba cha kukatia tiketi pale mlangoni, tivi iko mwisho kule, katikati kuna ukuta wa bati.

fundi_nyakato
Ukuta wa bati afu unasema hivi hivi kama jambo dogo 😂

Mkuu bati ni chuma, waifai ikigonga pale inarudi ilikotoka, kinachofika kwenye tivi ni kile kilichopenya kwenye uwazi wa mlango. Sasa mchana pale katikati hakuna mtu kinatosha. Usiku ongeza watu, mwili wa mtu umejaa maji na maji yanameza hayo mawimbi kweli kweli, kwa hiyo kila kichwa kinachokaa kwenye benchi kinakukata kidogo. Ingiza laptopu ndani, pigilia ubao juu kuliko vichwa vya watu, iweke pale ikitazamana na tivi bila kitu katikati. Muvi za usiku mzima zipange kwenye VLC mara moja zifuatane, wewe rudi mlangoni ukate tiketi zako.

dada_kirumba
Samahani naingilia, kwani kama muvi ziko kwenye laptopu kuna ulazima gani wa kurusha kioo kizima? Mimi nyumbani nawasha hotspoti ya simu, laptopu na tivi zote naziunganisha hapo, afu kwenye laptopu nabonyeza faili upande wa kulia wa mausi kuna sehemu ya kulituma kwenye kifaa, nachagua tivi. Hapo tivi inalivuta faili lenyewe inalifungua yenyewe, inaweka akiba ya mbele, kwa hiyo mawimbi yakiyumba sekunde mbili hata hujui. Data za simu nazima kabisa na bado inacheza, maana faili linazunguka humo humo ndani. Inaitwa DLNA, tivi smati nyingi zinayo.

Ubaya wake tivi inachagua mafaili. Nyingine zinaonyesha picha bila sauti, hasa faili lenye sauti ya DTS, aina ya sauti ambayo tivi nyingine haziisomi, na maandishi ya chini mara nyingine hayatokei, japo nyie wa muvi zilizotafsiriwa maandishi hamna shida nayo.

fundi_nyakato
Dada yuko sahihi kwa mafaili, hiyo njia ni tulivu kuliko yangu. Akitaka kuonyesha kitu cha kwenye brauza ndo arudi Miracast. Bati bado ni adui kwa zote mbili lakini.

mdau_ukerewe
Na sisi wenye tivi flati isiyo smati? Nilinunua kile kidude cha kuchomeka HDMI cha kupokelea picha hewani, kinawaka, kinatafuta, kinazima, kinawaka tena.

fundi_nyakato
@mdau umekichomeka umeme wake kwenye USB ya tivi eti? Tundu nyingi za tivi zinatoa nusu ampea, kidude kinataka ampea 1 kikianza kurusha picha kinaishiwa kinajizima. Chomeka kwenye chaja ya simu ukutani. Na usikifiche nyuma ya tivi kwenye vyuma, vuta ile antena yake ndogo itokeze pembeni.

mwana_kayenze
Wakuu ubao nimepigilia, laptopu iko juu inatazamana na tivi, jana mbalamwezi banda lilifurika na haikuganda, nimeweka ya dada kwa muvi za kwenye faili. Sasa limeibuka jipya, umeme ulikatika kidogo, uliporudi sabufa ikawahi kuwaka kabla ya tivi, kijana mmoja akaiwahi kwa simu yake, muvi inaendelea huku sabufa inapiga singeli. Watu walicheka mi nilitaka kulia.

dada_kirumba
😂😂 Huyo kijana asirudishiwe hela.

fundi_nyakato
Sabufa nyingi hazina namba ya siri, ikikosa mwenyewe inapokea yeyote aliye jirani nayo. Nenda kanunue ule waya mfupi, sabufa uiweke upande wa AUX, yaani sauti ya waya, hapo bluetooth inalala hakuna wa kuingia. Na remoti ya sabufa kaa nayo mfukoni, usiiache juu ya spika.