Cherehani ya miguu nzito, inakata uzi. Nifunge mota?

Kitenge_Kimoja: Wakuu, naombeni ushauri. Nina Singer ya kukanyaga, nyeusi, yenye maua ya dhahabu. Ni ya ukoo, ilinunuliwa 1895. Nataka kujifunzia kushona, lakini ni nzito kama inasaga mawe. Nikikanyaga kidogo gurudumu linarudi nyuma, uzi unakatika. Nifunge mota?

Fundi_Mstaafu: Uzi unakatika kwa sababu hiyo hiyo ya kurudi nyuma. Gurudumu la mkono lazima lizunguke kuja kwako. Legeza kinobu cha katikati yake ili sindano isimame, kisha kanyaga tu, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma kidogo. Anzisha kwa mkono, miguu ifuate. Na uzi uingie tundu la sindano kwa upande wenye mfereji mrefu. Uzito ni jambo jingine. Umetia mafuta gani?

Kitenge_Kimoja: Mafuta nimetia. Naulizia mota.

Mama_Sketi: Mota ya nini, mwanangu? Sare zetu zote za shule mama alizishona kwa miguu, usiku, na mdogo wetu mgongoni. Siku hizi hamtaki kuchoka.

Fundi_Mstaafu: Mafuta gani, dada?

Kitenge_Kimoja: Ya kupikia. Lakini yalikuwa mapya kabisa, hayajakaangiwa kitu. Na mota nimeshalipia nusu.

Mpekuzi: Ngojeni kwanza. Namba iliyogongwa kwenye kitako inaanzaje?

Kitenge_Kimoja: Na herufi Y.

Mpekuzi: Singer walianza kuweka herufi kwenye namba mwaka 1900. Kabla ya hapo ni tarakimu tupu. Hiyo 1895 ni ya kutunga. Kesho mtaiona sokoni, "cherehani ya kale".

Kitenge_Kimoja: Siuzi! Mwaka nimesimuliwa nyumbani, nami nimeuandika kama nilivyoambiwa.

Mama_Sketi: Wazee wanaweza kukosea mwaka, Mpekuzi. Usimwite mtu mwongo.

Fundi_Mstaafu: Hata ingekuwa ya jana, mafuta ya kupikia yanaganda yakawa gundi. Mota utakayofunga leo itavuta gundi hiyo hiyo mpaka iungue. Vua mkanda. Mbali na moto, dondoshea mafuta ya taa kila chuma kinaposuguana na chuma, zungusha kwa mkono, acha yalowe, futa. Rudia mpaka uchafu wa kahawia uishe, ndipo utie mafuta ya cherehani, tone moja moja. Inua kichwa, chini kuna sehemu nyingi watu wanazisahau, pamoja na fimbo inayounganisha kikanyagio na gurudumu kubwa. Spiriti usiisogeze kwenye maua, inayeyusha vanishi ya zamani.

Kitenge_Kimoja: Mkanda nikiurudisha niukaze kiasi gani?

Fundi_Mstaafu: Usiteleze tu, basi. Ukiukaza sana, uzito unarudi.

Kitenge_Kimoja: Sawa mzee. Nusu iliyobaki ya mota silipi kwanza.