Huyu DJ wa muvi za kutafsiri kaniharibia DOLE GUMBA!!!

Wakuu, nina hasira, hata chai haipiti.

Jana nimewakalisha wanangu waione Terminator ya pili, ile ya 1991. Mimi niliionea kibanda umiza nikiwa darasa la tano, nikalia, nikasingizia moshi. Sasa dukani wamenijazia kwenye flashi iliyotafsiriwa. Aliyetafsiri mnamjua, simtaji. Yule mwenye kicheko cha jenereta.

Nikavumilia. Yule askari anayeyeyuka kama zebaki kaitwa "Uji wa Chuma", hapo nilicheka, sidanganyi. Saa mbili nzima nimevumilia! Tukafika kiwandani. Arnold, yule roboti mlinzi, anashushwa kwenye chuma cha moto, mtoto John analia, mnyororo unashuka, steringi anazama, limebaki dole gumba tu juu, na JAMAA ANATAJA NAMBA YA SIMU. "Karibuni dukani, tunajaza flashi, tunauza na chaja, mkabala na kituo cha mafuta!"

Juu ya DOLE GUMBA, wakuu! Mwanangu wa mwisho kaniuliza: "Baba, anaelekeza duka lilipo?"

Kobe Mzee: Baba mzima unalilia roboti. Kodi ya nyumba umelipa?

Binti Mapera: Mkuu, hiyo namba uliikariri? Naitafuta Terminator ya tatu.

Kobe Mzee: Ile ya 2003 ya nini, dada? Sarah Connor, mama yake John, wamemuua kwa saratani ya damu, hata sura hatukumwona.

Fundi Redio: Afadhali hiyo. Ya 2015 John mwenyewe kageuzwa adui. Ya 2019 ndiyo matusi kabisa: muvi mbili tumemlinda yule mtoto, wao wanampiga risasi hata bisi hazijapoa!

Mwenye uzi: Wakuu, turudi kwenye dole gumba. Namba ya simu, jamani. Pale PALE.

Kobe Mzee: Fundi, usiniguse ya 2019, Linda Hamilton, Sarah mwenyewe, alirudi na bunduki begani, bibi wa shoka.

Fundi Redio: Karudi kumzika mwanawe. Hongera yake.

Mzee wa Flashi: Nyie mna raha. Mimi nilinunua "zote sita", kufungua nakuta ya kwanza mara nne na tamthilia ya Kikorea. Nimeimaliza ya Kikorea, nzuri.

Mwenye uzi: DOLE GUMBA!!!

Binti Mapera: Duka nimelipata, mkabala na kituo cha mafuta kweli. Ya tatu hawana ila nimechukua chaja.

Fundi Redio: Chaja bei gani?