MREJESHO: Ile ramani ya pwani ya Brazil ya 1519

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kuhusu ramani ya Brazil iliyo kwenye Atlasi ya Miller, kitabu cha ramani cha Wareno: wale watu waliochorwa wakibeba magogo wanafanya nini, na mbona majina ya pwani yameandikwa upande wa nchi kavu?

Asanteni sana, mmenifumbua macho. Nilikuza picha kwenye simu, taratibu, kipande kwa kipande. Magogo ni mekundu! Ni pau-brasil, mti wa rangi nyekundu ya kutia vitambaa, ndio ulioipa nchi jina. Watupi, wenyeji wa pwani hiyo, waliukata na kuubeba hadi ufukweni, Wareno wakiwalipa shoka, visu na vioo. Kuna kasuku na nyani pia, wazuri mno, na watu waliovaa manyoya. Lakini mimi macho yangu hayaondoki kwenye migongo ya wale wabebaji.

Majina yamewekwa bara ili bahari ibaki wazi kwa mistari ya dira, ile inayoonyesha mielekeo ya safari. Wachoraji ni Lopo Homem na akina Reinel, baba na mwana. Mapambo ni ya António de Holanda. Ramani yenyewe iko Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, Paris.